Umepanda mimea ya kufunika udongo, mbona ardhi bado nyeupe? Utatuzi kwa mashamba ya Mombasa

Kila masika yakishika, simu yangu hujaa picha za mashamba. Mukuna, ule mmea wa jamii ya kunde unaotambaa na kufunika ardhi, umekufa. Mahindi yamegeuka manjano. Udongo uko vile vile, mweupe, ukiushika unapita katikati ya vidole. Wanaonitumia si wavivu. Wamenunua mbegu, wamepanda, wamefyeka, wamengoja. Jambo la kwanza ninalowauliza huwa moja: majani yalikwenda wapi? Mara nyingi mbegu haina kosa lolote. Kaboni iliingia shambani, kisha ikatoka kwa mlango ambao mwenye shamba hakuutazama.

Tuelewane kidogo kabla ya kuingia kwenye dalili. Mmea huvuta kaboni kutoka hewani ukaifanya majani, shina na mizizi. Ukifa, vijidudu vya udongo huula, na sehemu kubwa ya kaboni ile hurudi hewani wanapopumua. Kidogo kinachosalia, kikagandamana na chembe za udongo, ndicho mboji. Joto likipanda nyuzi 10, kazi ya vijidudu hukaribia kuwa maradufu, mradi kuna unyevu. Mombasa hatuna msimu wa baridi wa kuwapumzisha. Wanakula mwaka mzima. Kwa hiyo hapa kwetu kufunika ardhi msimu mmoja na kuiacha uchi msimu wa pili ni sawa na kutofunika.

Jua pia umesimama juu ya nini. Ukanda wa bahari, Nyali, Bamburi, Shanzu na sehemu za Likoni, ni mchanga na mawe ya matumbawe. Jomvu na Miritini udongo ni wa mfinyanzi, unapasuka kiangazi na kunata masika. Mfinyanzi ndio unaoshika mboji na kuificha isiliwe. Mchanga hauna pa kuificha. Ekari ya Shanzu haiwezi kufikia ekari ya Jomvu, hata wakulima wake wakifanya kazi sawasawa, na si haki kujilinganisha.

Mbegu hazikuota, au zimeota mabaka mabaka

Hili halihitaji maneno mengi. Hesabu mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa kilicholoa, uziweke kivulini siku 7. Zikiota chini ya 14, umeuziwa mbegu iliyozeeka. Ongeza idadi shimoni au tafuta nyingine. Mukuna una ganda gumu, uloweke usiku kucha kabla ya kupanda. Kama mbegu ilikuwa nzima na bado kuna mapengo, chimba pale penye pengo. Ukikuta ganda tupu, ni panya au kanga. Ukikuta mche uliojikunja chini ya gamba gumu la udongo, tatizo ni mvua kubwa iliyopiga ardhi tupu ya mfinyanzi. Tawanya nyasi kavu kidogo juu ya mistari mara tu ukishapanda.

Watu wengi huogopa wakisikia neno upupu. Ule wa mwituni una manyoya yanayowasha, na hofu hiyo ni ya haki. Mukuna unaopandwa ni ndugu yake usiowasha. Hata hivyo, mbegu zake usizipike kama maharage. Zina levodopa, kemikali ile ile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, na mtu akizila hovyo hutapika na kuchanganyikiwa. Waambie watoto, na gunia la mbegu lisikae jikoni.

Imeota vizuri lakini imegeuka manjano

Hapa usikimbilie duka la mbolea. Tazama kwanza ni majani gani yaliyobadilika.

Ikiwa ni yale ya chini, ya zamani, mmea una njaa ya naitrojeni. Kunde, njahi, pojo, mbaazi na mukuna hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oa mmea mmoja kwa uma au kwa jembe, usiuvute kwa mkono, maana vinundu vitabaki ardhini. Suuza mizizi kwenye ndoo. Sasa chukua kinundu kimoja ukipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au waridi kama nyama mbichi, bakteria wanafanya kazi. Kuwa na subira. Kikiwa cheupe au kijani, wapo lakini hawafanyi kazi, au bado ni wachanga. Vikikosekana kabisa wiki ya sita, mara nyingi udongo umekosa fosforasi. Samadi iliyoiva, konzi moja kwa kila shimo, ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote, na bakteria wa kunde wamejaa katika udongo wetu, si kama soya ambayo huhitaji kuletewa wake.

Ikiwa yaliyogeuka ni majani machanga ya juu, nayo mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito, hiyo si naitrojeni. Ni upungufu wa madini ya chuma, na ni ugonjwa wa udongo wa matumbawe. Chuma kimo, lakini chokaa imekifunga mmea usikipate. Karanga huumia zaidi. Ukiwa Shanzu au Bamburi, usitegemee karanga kukufunikia ardhi. Panda kunde na njahi, weka samadi kwenye mistari, na kwenye mpaka weka lusina, mti usioogopa chokaa.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wenye uzoefu hulifanya. Wanaona vifundo vingi kwenye mizizi wanafurahi, kumbe ni minyoo fundo, vijiminyoo vinavyoishi ndani ya mizizi na kuivimbisha. Tofauti yake utaijua kwa vidole. Kinundu cha bakteria kimening'inia pembeni mwa mzizi, ukikisugua kinadondoka. Kifundo cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakibanduki mpaka uuvunje mzizi. Minyoo hii hupenda mchanga wenye joto, yaani hupenda pwani. Kunde na njahi huwalisha, kisha bamia na nyanya zako za msimu unaofuata ndizo zinazolipa deni. Ukiwakuta, acha kunde misimu miwili, panda marejea, mmea mwingine wa kufunika udongo. Marejea huwapunguza, hukua haraka, na shina lake gumu huchelewa kuoza.

Ilisitawi, kisha ikafa yote mwezi wa kwanza

Umepanda vuli imekwisha. Vuli yetu ni Oktoba na Novemba, ikichelewa huburura mkia mpaka Desemba, halafu kaskazi inaanza kuvuma na Januari na Februari ni jua tupu. Mmea wa wiki tano hauna mizizi ya kuvuka hapo.

Mimi sipandi mimea ya kufunika vuli peke yake. Naipanda ndani ya mahindi ya masika, Mei, ardhi ikiwa imelowa chini kabisa. Mahindi yakivunwa, mukuna tayari umetandaa, na manyunyu ya kusi ya Julai na Agosti yanausukuma mpaka Septemba. Kwa kiangazi cha kaskazi naitegemea mbaazi. Mzizi wake huenda chini kuliko mazao yetu mengi, na Februari, wakati kila kitu kimekauka, utaiona imesimama na majani.

Ukiwa karibu na hori, upande wa Mikindani au Jomvu Kuu, na mimea inakufia kingo za majani zikiwa kama zimechomwa, onja maji ya kisima chako. Chumvi haitibiki kwa mbegu nyingine. Mwagilia kwa maji ya mvua uliyoyakinga, au panda masika tu wakati mvua imeisukuma chumvi chini.

Mukuna umepanda juu ya mahindi ukayaangusha

Uliupanda mapema. Ngoja mahindi yafikishe wiki 4 hadi 6. Na kwenye muhogo usiuweke kabisa. Muhogo unakaa shambani muda mrefu, mukuna utauzunguka mpaka usiuone. Muhogo panda nao kunde fupi au pojo.

Umefyeka, na baada ya wiki tatu ardhi iko wazi

Hapa ndipo kaboni nyingi ya Mombasa hupotelea. Kuna watu wanne wa kuwashuku.

Wa kwanza ni moto. Bado tuna desturi ya kusafisha shamba kwa kiberiti kabla ya masika. Moto huondoa kwa nusu saa kile ulichokijenga miezi minne, na jivu linalobaki ni madini, si kaboni. Ukiona vipande vyeusi vya mkaa na udongo mwekundu uliookwa, muulize kijana wako wa shamba kabla hujauliza chochote kingine. Shemeji yangu ana ekari mbili Mwakirunge. Miaka mitatu alipanda mukuna na miaka mitatu kibarua akawasha moto Machi, kwa nia njema kabisa, akidhani anamrahisishia kulima. Hakuna aliyekuwa amemweleza majani yale ni ya nini.

Wa pili ni mbuzi. Kwa shemeji huyo huyo tulikuta mbaazi zimeguguniwa mpaka gome. Tukaenda kwa jirani.

"Shikamoo mzee. Mbuzi wameingia tena."

"Marahaba, mwanangu. Februari hii kijani kipo kwako peke yako. Niwafunge nao wale nini?"

Hakuwa amekosea. Tulikubaliana ukanda wa mpakani, hatua 10 upana, uwe wake wa kukata majani na kuwapelekea mbuzi zizini, naye atuletee samadi kila mwezi. Jua tu kwamba samadi hairudishi kaboni yote: mbuzi naye anapumua, na sehemu kubwa ya alichokula imekwenda hewani. Lakini kinachorudi kimeshameng'enywa, na shamba lililobaki halikuguswa tena. Seng'enge tuliyokuwa tumeipigia hesabu ingetugharimu zaidi, na ingeleta uadui.

Wa tatu ni mchwa. Ukifunua majani ukakuta mifereji ya udongo na mabua yamebaki maganda, ni wao. Usiwamwagie sumu. Mchwa wanapeleka kaboni chini kwenye vichuguu vyao, na vishimo wanavyoacha hunywesha mvua. Wanachokuharibia ni kifuniko cha juu. Basi weka kingi: mabua ya mahindi, makuti yaliyokatwakatwa, makumbi ya nazi. Mchwa wakipata vigumu vingi, watakula huku ardhi bado imefunikwa.

Wa nne ni ulaini wa majani yenyewe. Hili wengi hawalidhanii. Majani ya kunde yamejaa naitrojeni, vijidudu huyamaliza upesi kama watoto na mahamri ya asubuhi. Shamba lililofunikwa kwa kunde tupu linapata mbolea nzuri ya mahindi na mboji kidogo sana. Changanya na kitu kigumu: mtama au mawele yaliyopandwa pamoja na mimea ya kunde, ukafyeka vyote mara moja. Na usifyeke mapema mno. Kwa ajili ya naitrojeni, watu hukata mmea ukianza kutoa maua. Kwa ajili ya kaboni, mimi huuacha mpaka maganda ya kwanza yafunge, shina likishakuwa gumu.

Jembe nalo lina mkono wake. Kila ukitifua, unaingiza hewa na kuvunja madonge yaliyoificha mboji, na vijidudu wanashangilia. Fyeka kwa panga usawa wa ardhi, mizizi uiache ilipo. Mizizi ndiyo akiba kubwa: imeshafika ndani, imegusana na udongo, na hudumu kuliko majani yaliyolala juu. Msimu unaofuata chimba mashimo ya kupandia tu, katikati ya mistari pasiguswe. Jomvu kwenye mfinyanzi mashimo haya yachimbwe Machi, kabla udongo haujanata.

Majani yamelala juu miezi sita, hayaozi

Ni shida ya nadra kwetu, huonekana zaidi chini ya mikanju na mivinje. Majani yale yana tanini nyingi, ile dutu chungu, vijidudu hawayapendi.

Dawa yake ilionekana hapa hapa Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba wa matumbawe mtupu, hapana udongo. Mvinje ulishika. Lakini majani yake kama sindano yalianguka yakalala, hayakugeuka kuwa kitu, mpaka alipoona majongoo wakiyatafuna na kuwaleta kwa wingi. Kinyesi cha jongoo ndicho kilichoanza kuwa udongo. Leo pale ni msitu, watu hulipa kiingilio kwenda kutembea, na wengi hupita bila kuangalia chini miguuni.

Kwa hiyo ukiwakuta majongoo shambani, waache. Majani magumu yakatekate, yachanganye na majani mabichi ya kunde, yaguse udongo wenye unyevu. Makavu yaliyoinuka hewani hayaozi hata ungoje mwaka.

Mahindi yaliyofuata yamedumaa na kupauka

Umefukia mabua. Mabua ya mahindi yana kaboni karibu mara 60 ya naitrojeni yake, na vijidudu wanataka chakula chenye kama 24 kwa 1. Pengo wanalijaza kwa kuiba naitrojeni ya udongo, mahindi yanabaki kutazama. Si ugonjwa, na wiki kadhaa baadaye naitrojeni itaachiliwa. Mabua yaache juu ya ardhi, yakigusa kidogo tu yanaiba kidogo. Kama umeshayafukia, ngoja wiki tatu au nne kabla ya kupanda, au panda kunde badala ya mahindi, kwa sababu kunde hujitafutia zake.

Umefanya yote haya, na maabara inasema kaboni haijaongezeka

Hapa nawaomba mkae na kalamu. Ekari moja, kina cha sentimita 20, kwa udongo wenye uzito wa gramu 1.4 kwa kila sentimita ya ujazo, ni kama tani 1,130 za udongo. Kupandisha kaboni kwa asilimia 0.1 tu unahitaji tani 1.1 za kaboni zilizobaki, si zilizoingia. Mukuna mzuri ukikupa tani 2 za majani makavu kwa ekari, kaboni yake ni kama kilo 850. Tuseme moja ya kumi inabaki: kilo 85 kwa mwaka. Kwa majani ya juu peke yake, hiyo 0.1 itakuchukua miaka 13. Ukiongeza mizizi, mbaazi ya kiangazi na samadi ya jirani, muda hupungua, lakini bado ni miaka. Anayekuahidi mabadiliko ya kaboni kwa msimu mmoja ili akuuzie kitu, mwombe akufanyie hesabu hii.

Kwa hiyo usipime kila mwaka. Pima sasa, kisha baada ya miaka minne au mitano. Chukua udongo mwezi ule ule, mimi huchagua Machi kabla ya mvua, kina kile kile, sehemu 15 hadi 20 za shamba, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Maabara iwe ile ile na njia ile ile. Watu wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ukivuka daraja la Mtwapa, watakuelekeza ukiwauliza.

Wakati unangoja, tazama maji. Mkebe wa maziwa uliokatwa mfuniko na kitako, usukume ardhini nusu, mimina lita moja, ushike saa. Fanya palipofunikwa na palipo wazi. Kwenye mfinyanzi wa Jomvu tofauti hii hutangulia karatasi ya maabara kwa muda mrefu. Kwenye mchanga mkebe haukwambii kitu, maji yanapita tu. Huko angalia ni siku ngapi kunde zinastahimili bila mvua kabla hazijanyauka mchana.

Maabara inasema kaboni ni nyingi, lakini ardhi ni maskini

Hili lilinipata mimi, nusu ekari yangu ya Shanzu. Nilipeleka udongo maabara moja, karatasi ikarudi imeandikwa kaboni ya juu sana. Nilifurahi wiki nzima. Kisha nikautazama ule udongo: mweupe, mwepesi, kunde zimefika gotini zikachoka. Nikachukua konzi moja kavu, nikaiweka kwenye sahani, nikamwagia siki ya jikoni. Ikachemka povu.

Matumbawe ni kalsiamu kabonati. Nayo ina kaboni, lakini ni kaboni ya jiwe. Haishiki maji, hailishi chochote. Maabara ikipima kaboni yote kwa kuchoma sampuli kwenye joto kali, inahesabu jiwe na mboji pamoja. Hawakunidanganya. Walijibu swali nililowauliza, ila nililiuliza vibaya. Udongo wako ukitoa povu kwa siki, waandikie kwenye fomu kwamba unataka kaboni ya mboji tu, aidha kwa kuondoa kabonati kwa asidi kwanza, au kwa njia ya Walkley na Black, inayotumika tangu 1934, ambayo haiguswi na chokaa. Njia hiyo nayo ina udhaifu mmoja: chumvi ya bahari huyapandisha majibu yake. Kwa hiyo mwenye shamba la kando ya hori awaambie pia kwamba udongo wake una chumvi, waisahihishe kabla ya kusoma.

Nilipopima upya, namba ilikuwa ndogo. Niliibandika ukutani juu ya pipa la mbegu, na tarehe yake, na Machi ya mwaka wa tano nitachukua udongo kutoka sehemu zile zile 16 nilizozitia alama kwa vipande vya matumbawe.